Sabuni Yetu ya Tope na Majivu ya Mzee Luhende

Ilianza Jumatano, saa nne na nusu asubuhi, pipa likiwa motoni na sabuni imefika pale ambapo ukiacha kukoroga hata kwa muda wa kupenga kamasi, mafuta yanapanda juu, maji ya majivu yanabaki chini, na kazi yote ya tangu alfajiri unaimwaga. Saa naikumbuka kwa sababu kengele ya mapumziko ya shule ya msingi ilikuwa inagongwa. Mzee Luhende, mkuu wa ulinzi wa kijiji, akaingia kwenye kibanda chetu na wanaume wawili wenye fimbo. Hakusalimia. Kwetu Usukumani mtu mzima akiingia mahali bila salamu, huna haja ya kumuuliza kama amekuja kununua sabuni.

“Mama Kulwa,” akasema. “Unaitwa.”

Mama Kulwa, mpishi wetu mkuu, hakugeuka. Alikuwa ameushika mwiko kwa mikono miwili, macho mekundu kama siku zote, machozi ya moshi yanamshuka mpaka kidevuni.

“Naitwa na nani?”

“Na kijiji.”

“Kiambie kijiji nakoroga. Au shika mwiko wewe, mimi niende.”

Wale wa fimbo wakatazamana. Mzee Luhende akatema mate mlangoni.

“Saa tisa, kiwanja cha shule. Usipokuja kwa miguu yako utakuja kwa miguu yetu.”

Mimi nilikuwa pembeni nakata vipande kwa waya. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza fom foo, na kazi niliyoiweza kuliko zote ilikuwa kujificha. Niliinama juu ya ubao wa kukatia mpaka pua ikagusa sabuni.

Wajukuu zangu, mwanamke mzee mwenye macho mekundu, ambayo watu waliyaita ya mchawi, kuitwa mbele ya kijiji miaka ile halikuwa jambo la kuuliza “ameitiwa nini?” Ng'ombe wa Mzee Luhende alikuwa amekufa akizaa, ndama naye akafa. Aliyeitwa kwa habari kama hiyo ama alipanda basi kabla jua halijazama, na mzigo ule tu unaokaa kichwani, ama hakupanda. Walioshindwa kupanda siwaandiki hapa. Waulizeni bibi zenu. Ila wengine wenu hamna bibi wa kuuliza, na sababu ndiyo hiyo hiyo.

Sasa niwageukie nyie mlioniita mwaka juzi kwenye ukumbi wa hoteli pale mjini Shinyanga, mkanivika kitambulisho cha shingoni kama mbuzi wa mnadani. Nilikaa nikamsikiliza kijana mwenye tai akieleza kwamba amegundua biashara inayosaidia jamii na kutunza mazingira kwa pamoja. Amegundua! Nikamuuliza anauza nini. Akaniambia, “Bibi, bado niko hatua ya wazo.” Nikamuuliza wazo analipima kwa kilo au kwa debe. Watu wakacheka, wakadhani natania. Kisha ikaja chai, na sambusa zilikuwa nzuri kuliko hotuba zote.

Sisi hatukuwa na wazo. Tulikuwa na upele.

Miaka ya themanini mwanzoni sabuni ilikuwa haipatikani. Duka la ushirika likiletewa katoni, foleni inaanza kabla ya jogoo, na ukifika dirishani unaambiwa imekwisha, huku mke wa muuza duka akinukia sabuni kutoka ng'ambo ya barabara. Watoto walijikuna darasani mpaka mwalimu akawa anafundisha kelele za kucha. Wakati huohuo kiwanda cha mafuta ya pamba kilichokuwa jirani yetu kilikuwa kinamwaga mashapo ya matangi yake korongoni: tope jeusi, zito, linanuka. Nyasi zilikufa. Vyura wakanyamaza. Ng'ombe wakawa wanafika kwenye maji, wananusa, wanageuza.

Mama Sayi, aliyekuja kuwa mwenyekiti wetu, ndiye aliyesimama ukingoni mwa lile korongo akasema, “Wao wanamwaga mafuta, sisi tunasugua watoto kwa mchanga. Hivi tuna akili kweli?” Basi. Huo ndio uzinduzi. Hapakuwa na utepe wala mgeni rasmi.

Mafuta tukawa tumeyapata, tena kiwanda kilifurahi kuondolewa uchafu wake. Magadi ya dukani hayakuwepo. Lakini Shinyanga haina miti, mnajua wenyewe. Tulipikia miti ya pamba iliyokauka, na jivu la miti ya pamba ni kali. Mama Kulwa alikuwa analijua tangu usichana wake, kwa kulainishia mlenda. Ndiye aliyesema kama linalainisha mlenda litalainisha na hili tope.

Sikilizeni namna, maana hili hamtafundishwa hotelini. Jivu unalichekecha, unalijaza kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kutandikwa majani, unamimina maji kidogo kidogo, usikimbilie. Yale yanayodondoka chini, rangi ya chai ya rangi, ndiyo dawa. Weka yai bichi. Likizama, maji ni mepesi, yarudishe yapite tena. Likielea na kutoa kichwa kama kifungo cha shati, sawasawa. Likilala ubavu juu ya maji kama mtu wa likizo, yamezidi ukali. Ongeza maji la sivyo utachuna watu ngozi. Tulimchuna mmoja, fundi baiskeli. Aliogea sabuni yetu ya kwanza kabisa na kwa wiki nzima alitembea amefungua mikono kama kuku aliyelowa. Wanakijiji walikuja kumwangalia, kisha wakaja kununua, kwa sababu walisema sabuni inayomtoa yule bwana ngozi, upele itauacha wapi?

Na chumvi. Bila chumvi sabuni ya majivu haigandi, inabaki uji. Mwalimu wangu wa kemia alinifundisha sabuni kwa mwezi mzima ubaoni na hakuwahi kututajia uji. Nadhani hakuwahi kupika.

Ilikuwa na rangi ya udongo na harufu ya mashudu. Watu wakaiita Tope. “Nipe Tope moja.” Ilifua, na upele ulikimbia, na korongo likaanza kuota majani. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja: kwanza zahanati, pili shule, tatu kaya za kijiji, halafu ndipo wa nje. Akaja mlanguzi na lori kutoka machimbo ya Geita, mkono mzima saa na pete.

“Akina mama, nachukua yote. Wachimbaji wananuka, wana hela.”

“Ya wa nje imebaki katoni ile,” akasema Mama Sayi.

“Nawalipa mara mbili ya kijiji.”

“Kijiji kinazaa leo usiku. Wachimbaji wako wanazaa lini?”

Akatuita wajinga. Akachukua katoni yake, na mwezi uliofuata akarudi kuichukua nyingine, kwa adabu, na “shikamoo” juu. Siku hizi nyie mnayaita hayo maneno marefu ambayo hata kuyatamka mnameza mate katikati. Sisi tuliyaita foleni.

Jambo moja sikuwaeleza, na ndilo lililomleta Mzee Luhende mlangoni. Majivu tuliyapataje? Jivu la mekoni kwetu si takataka. Limelala chini ya chungu cha watoto wako, limesikia siri zote za mji wako, yaani kaya yako. Halichotwi na mgeni. Kwa hiyo kila mwanamke alikuja nalo mwenyewe: anafika kibandani na kibakuli cha majivu, anakimwaga mwenyewe, anaondoka na kipande. Hakuna aliyeingia jikoni kwa mtu. Mama Kulwa hata kibakuli cha mwenzake alikuwa hakigusi kabla hujakimwaga. Hatukuliweka kuwa sheria. Tulilijua tu, kama mnavyojua kutokaa kwenye kiti cha baba mkwe.

Ndipo serikali ikatuletea Bwana Maendeleo. Nina daftari la enzi zile, maana nilichoshindwa kusema nilikiandika. Siku hiyo nimeandika: “Leo amekuja bwana mwenye ubao. Ananukia vizuri. Simpendi.” Alitoka mkoa wa mbali na aliona kila kitu kwa siku moja. Akachora duara na mishale. Akasema majivu yanakuja ovyo, uzalishaji unayumba, lazima tuwe na mgawanyo wa kazi. Akamnyooshea Mama Kulwa chaki.

“Mama huyu asubuhi hana kazi kabla pipa halijashika moto. Atapita kaya kwa kaya kukusanya malighafi.”

Kibanda kizima kikanyamaza. Mtu mwenye akili angeusikia ule ukimya. Yeye akadhani tumekubali.

“Bwana mdogo,” akasema Mama Kulwa, “unajua unanituma wapi?”

“Kaya kwa kaya, mama. Tuachane na mila potofu.”

“Haya. Mimi nitakwenda. Macho mnayaona yalivyo. Nitakwenda.”

Na alikwenda, kwa jeuri yake, na gunia begani, akipiga hodi kila mji na kuchota majivu jikoni kwa watu, bibi mjane mwenye macho mekundu! Hata leo nikikumbuka natamani kumpiga yule bwana kwa ubao wake. Mgeni alikosea kwa kutojua. Sisi tulikosea kwa adabu, kwa kuwa mkubwa wa serikali hakosolewi mbele ya watu. Uzalishaji ulipanda wiki mbili. Kisha ng'ombe wa Mzee Luhende akafa. Na Jumatano ile Bwana Maendeleo alikuwa wapi? Amekwenda semina.

Saa tisa tulikuwa kiwanjani. Mama Kulwa alikuja kwa miguu yake, amefunga kitenge kipya. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, Mzee Luhende katikati.

“Sina maneno mengi,” akaanza. “Huyu mama ameingia mjini kwangu akachota jivu. Asubuhi yake ng'ombe wangu amelala chini. Nauliza mbele yenu: jivu la mji wangu limekwenda wapi?”

“Unalo mwilini, Luhende,” akasema Mama Kulwa. “Umeliogea.”

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikaruka mpaka kwa wanaume.

“Hilo shati lako je?” akaendelea. “Limefuliwa na nini? Jivu lako limechanganyika na la huyu na la yule. Ukitaka likurudie, kaa hapo, kila mtu apite akukamulie nguo.”

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nikapumua. Mtoto mjinga, nilidhani hoja nzuri inamwokoa mtu. Mzee Luhende alisubiri mpaka kicheko kikaisha chenyewe, kisha akasema taratibu:

“Mmemsikia. Amesema kwa mdomo wake. Jivu la kila mji ameliweka kwenye mwili wa kila mtu. Basi si mimi peke yangu. Ametushika wote.”

Hakuna aliyecheka tena. Niliwaona watu wakijitazama mikono. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alimpangusa mtoto wake shingo, polepole, kama anaondoa kitu. Wale wa fimbo wakasogea hatua.

Mama Sayi akasimama. Hakuwa msemaji, sauti yake ilikuwa ya kuhesabia kuni.

“Wazee, tumesikia. Kama sabuni ina uchawi, sisi kikundi hatuwezi kuwaacha nayo majumbani. Kila mwenye kipande akakilete sasa hivi, tukizike hapa mbele yenu. Cha zahanati tutakileta wenyewe. Na pipa tutalitoboa leo leo. Tunasubiri.”

Akakaa. Mzee Luhende akaamuru: “Leteni!”

Hakuna aliyenyanyuka.

“Nimesema leteni!”

Yule mwanamke wa mbele yangu akasema, bila kusimama, kama anajisemea, “Mimi nina nusu kipande, na mtoto ndiyo kwanza amepona. Sileti.”

“Uchawi unautaka?”

“Upele siutaki.”

Mwingine nyuma: “Nina harusi Jumamosi, baba. Nguo nafulia mate?” Na mwingine. Mwanaume mmoja akasema kwamba yeye hana neno na sabuni, ila angependa iwe ngumu kidogo. Mzee Luhende akageuka kutafuta watu wa upande wake, na macho yake yakaangukia kwa mkewe, mama mpole ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya marahaba.

“Mama Shija, nenda nyumbani kalete mfano.”

Mkewe akaangalia chini. “Viko viwili, baba Shija,” akasema. “Sileti hata kimoja.”

Msidhani watu waliongoka. Hakuna aliyeinuka akasema Mama Kulwa si mchawi. Walipima uchawi upande mmoja na sabuni upande wa pili, sabuni ikawa nzito, ndiyo yote. Nyie mnaowafuata watu na vipeperushi vya kubadili fikra, someni hapo mara mbili.

Wazee wakaenda pembeni, wakarudi na uamuzi: Mama Kulwa abaki, sabuni iendelee. Lakini kuanzia kesho majivu atayatoa mwenye mji kwa mkono wake, mlangoni, na atayapokea mtu mwingine yeyote, isipokuwa Mama Kulwa. “Atapokea yule binti aliyesoma,” akasema Mzee Luhende, na kijiji kizima kikanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze na kitambaa changu cha kichwa.

Jua lilipokuwa linashuka nilipita kwa Mama Kulwa. Alikuwa anafunga mzigo. Mwanawe Kulwa alikuwa machimboni Geita, na basi la asubuhi lilipita njia panda.

“Mayu,” nikamwambia, ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, “wamesema ubaki.”

“Wamesema mwili ubaki. Mkono wameukataa.” Akakaza fundo kwa meno. “Mtu ambaye hawezi kupokea jivu kwa jirani, moto atauomba wapi? Maji? Siku nikifa nani atanishika? Hapana. Nitakwenda kumfulia Kulwa matope yake.”

Nikasimama mlangoni. Nilikuwa na mengi ya kusema, na kama kawaida yangu nikaaga.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya kengele, nikachukua gunia, nikaenda tena kwake. Alikuwa ameshavaa viatu vya safari.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka. Nini tena?”

“Siwezi kupiga hodi kwa mtu,” nikamwambia. Ilikuwa kweli tupu. Tangu nimezaliwa sikuwahi kupiga hodi peke yangu mahali penye wanaume.

Akanitazama kwa yale macho. “Umesoma mpaka fom foo hujui kusema hodi?”

“Hawakutufundisha.”

“Basi ulikuwa unakula ugali wa serikali bure.” Akauangalia mzigo wake, akaangalia barabara. “Nakupeleka mji mmoja. Ukishajua, naenda zangu.”

Nikachagua mji mimi. Alipoona njia ninayoishika alisimama, akasema jambo kwa Kisukuma ambalo siliandiki, kisha akanifuata. Tulipofika kwa Mzee Luhende, mwenyewe alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anapiga mswaki. Mama Kulwa akabaki nyuma yangu hatua mbili, na gunia nililompa anishikie.

“Sema,” akaninong'oneza.

“Hodi,” nikasema. Haikutoka. Nikasema tena, ikatoka kubwa mno, kuku wakatawanyika.

Mama Shija akatoka jikoni na ungo uliojaa jivu jeupe, la moto wa usiku. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akaninyooshea kwa mikono miwili. Mumewe anatazama, mswaki umesimama mdomoni.

Nikaweka mikono nyuma.

Niliinamisha kichwa kama nilivyozoea kuinamisha mbele ya wakubwa, nikayaangalia vidole vya miguu yangu, na mikono nikaishika mgongoni, kidole kwa kidole. Ungo ukabaki hewani. Nilisikia Mzee Luhende akikohoa. Sikunyanyua uso. Kisha vumbi mbele ya macho yangu likakanyagwa na miguu ya Mama Shija, ikanipita, hatua moja, ya pili, na nyuma yangu nikasikia jivu linamwagika gunini, na sauti ya Mama Kulwa, imekauka, ikisema, “Asante, mayu. Umelichekecha vizuri.”